Ukitaka kuzielewa chembe laini, anza na gharama ya kupenyana

Wanafunzi wa kemia na fizikia hapa Mombasa wakinijia na mada ya polima laini, yaani molekuli ndefu zilizoungana kama minyororo, huanza kwa kuuliza chembe hizo zina ukubwa gani. Nawashauri waliweke swali hilo kando kwanza. Tafuta kujua hivi: chembe mbili zikisukumwa hadi zipenyane, zinatozwa nishati kiasi gani?

Mipira migumu haipenyani kabisa. Mwaka 1957 wanafizikia Alder na Wainwright walionyesha kwa kompyuta kwamba hata bila mvutano wowote, mipira hiyo hujipanga kuwa fuwele, yaani mpangilio unaojirudia kwa utaratibu, ikisongamana vya kutosha. Kuganda huanza ikijaza takriban asilimia 49 ya nafasi, na ukizidi kuibana, fuwele inazidi kukaza. Picha hiyo ndiyo inayotupoteza tukifika kwenye polima.

Mnyororo wa polima uliojikunja ndani ya kiyeyushi ni kama donge la sufi: una nafasi nyingi kuliko nyuzi. Vitovu vya minyororo miwili vinaweza kukutana mahali pamoja kwa gharama ya takriban mara 2 tu ya nishati ya joto, ile kT ya vitabuni. Mtikisiko wa kawaida wa molekuli unaimudu.

Mwaka 1976 Frank Stillinger alichunguza chembe ambazo gharama yao ya kupenyana hushuka kwa mkunjo wa Gauss, ule mchoro wenye umbo la kengele, kadiri zinavyoachana. Zipoze sana, zibane, zitaganda. Zibane zaidi, fuwele inayeyuka! Kila chembe sasa inasukumwa na majirani wengi kutoka pande zote karibu sawasawa, basi hakuna kinachoishikilia pale ilipo. Tena kT ikizidi takriban asilimia 1 ya gharama ya kupenyana kabisa, hazigandi kwa msongamano wowote. Kwa minyororo niliyoitaja kT ni kama nusu ya gharama, kwa hiyo usiisubiri fuwele.

Ninalolipenda kuliko yote ni hili. Fanya kilele cha mkunjo kiwe tambarare na pembeni kuporomoke ghafla. Chembe zilizokwisha kukaribiana haziongezewi gharama kubwa zikipandana kabisa, na zikipandana zinakaa mbali na nyingine zote. Basi hujikusanya vikundi vikundi, na vikundi hivyo hujipanga kuwa fuwele, ilhali kila chembe inamsukuma mwenzake! Watafiti Bianca Mladek, Christos Likos na wenzao walilionyesha hilo mwaka 2006. Ukiongeza chembe, umbali kati ya kikundi na kikundi haubadiliki. Kila kikundi kinapokea wakazi zaidi.

Mimi nililiamini baada ya kuandika programu yangu kwa Python, na nakusihi ufanye vivyo hivyo kabla ya kujaza kichwa milinganyo. Tumia njia ya Monte Carlo: sogeza chembe moja kidogo, nishati ikishuka, kubali, ikipanda, kubali kwa bahati inayopungua kadiri ilivyopanda. Chembe mia chache zinatosha kwenye kompyuta ya kawaida. Weka kanuni ya nishati mahali pamoja, kisha ubadilishe kipeo cha umbali kutoka 2, kilicho cha mkunjo wa Gauss, kiwe 4, ndipo kilele kinakuwa tambarare. Mabadiliko hayo madogo ndiyo yanayoleta vikundi. Chora grafu ya umbali kati ya chembe kuanzia sifuri yenyewe, maana vikundi vikitokea, kilele cha grafu husimama hapo.

Na ukienda maabara, kuna jambo la Pwani. Chembe za jeli zinazotumika sana ni za polima iitwayo PNIPAM, ambayo majini huvimba kwenye ubaridi na kunywea ikipita takriban nyuzi 32. Makala za nje zinazotaja joto la chumba huwa zinamaanisha nyuzi 20 hadi 25. Mchana wa kaskazi hapa kwetu unaweza kuipita 32, na sampuli yako ikageuka kitu kingine mezani. Itumbukize kwenye beseni la maji lenye kidhibiti joto, na kando ya kila kipimo uandike halijoto ya sampuli yenyewe.