Mikeka ya raba ya gari la Volkswagen Beetle la 1968: itoe, usiitupe

Ndugu, umesema fundi wako wa Kondele anataka kung'oa mikeka yote ya Beetle ya marehemu mzee aweke mipya. Mzuie kwanza.

Raba ya umri huo hupasuka ikikunjwa ikiwa baridi. Egesha gari kwenye jua la mchana, milango wazi, mpaka ilainike. Chomoa waya wa betri, hasi kwanza, halafu fungua viti, mkono wa gia na pedali ya mafuta. Palipo na gundi, pitisha kisu butu polepole, usivute! Skrubu zitie kwenye mifuko iliyoandikwa. Osha mikeka kwa sabuni ya kawaida tu (petroli huimaliza raba), ianike kivulini, ihifadhi ikiwa imelazwa. Hata kapeti iliyochanika iweke, ndiyo kipimo cha kukatia mpya.

Sasa angalia chini ya kiti cha nyuma, palipo betri, maana asidi hula bati hapo. Kutu ya juujuu ni msasa na rangi ya kuzuia kutu. Bisibisi ikitoboa bati, hiyo ni kazi ya welda anayezijua Beetle, tena si ya kubahatisha: bomba la petroli limepita ndani ya ule mgongo wa katikati ya sakafu.