Nilivyotengeneza dramu mashini ya analogi ndani ya kopo la maziwa, na yaliyonikuta

Kuna usiku nilikaa sakafuni na dramu mashini yangu, yaani mashine ya kutoa milio ya ngoma kwa umeme, nimeikodolea macho sabufa, nabonyeza kitufe, koni ya spika inaenda mbele inarudi nyuma, inaenda inarudi, kama mtu anayetetemeka kwa baridi, na sauti hamna. Nikabadilisha aisii (ile chipu yenye miguu), bado. Nikabadilisha betri, bado. Nikabadilisha waya zote, wife akaniambia zima hilo dude tulale. Kosa lilikuwa namba moja tu iliyoandikwa kwenye kapasita ndogo kuliko punje ya mahindi, nitaifikia hapo chini, ila nimeanza nayo ili ujue mapema kwamba mi sio injinia. Napiga muziki kwenye shughuli za mtaani hapa Dar, umeme nimejifunza kwa kukaa na mafundi redio na kwa kuunguza vitu, kwa hiyo ukisoma humu unasoma ya mtu aliyeunguza vitu.

Ushauri wa kwanza, na ndo ningependa mtu angenipa mimi: usianze na mashine nzima. Kila mtu anaanzia pale, anaona picha ya Roland TR-808, ile dramu mashini maarufu ya Kijapani, anataka kiki (ngoma nzito ya chini), sneya (ngoma kali ya juu), hatsi (vile visahani vya tsss), kofi, na taa kumi na sita zinazowaka kwa foleni, ananunua vifaa mfuko mzima na baada ya mwezi mfuko uko juu ya kabati. Mi mfuko wangu ulikaa juu ya kabati miezi minane. Anza na kiki moja. Ijue kiki hiyo mpaka uweze kuiunga umeme umekatika unatumia tochi ya simu.

Kwanini kiki? Kwa sababu ndo ngoma yenyewe. Ngoma ya ngozi unaipiga mara moja, ngozi inatetemeka kwa spidi yake, af inakufa. Haijui kitu kingine. Sakiti ya kiki ya 808 inafanya hivyo hivyo, haina sauti iliyorekodiwa popote ndani, kuna sakiti wanaiita brijidi-tii ambayo yenyewe imetulia tu kimya, ukiipa mshtuko mdogo wa umeme inatetemeka mara kadhaa na kufa. Wewe unachochagua ni mambo mawili, itetemeke haraka kiasi gani na ife baada ya muda gani, na hayo mawili yanaamuliwa na kapasita mbili na rezista mbili. Basi.

Nakupa ya kwangu ilivyo. Aisii ni TL072, ukiikosa chukua LM358, miguu imepangwa sawa na inapatikana kila kona. Mguu wa 8 chanya, mguu wa 4 hasi, betri ya 9V. Kapasita mbili za 47nF unaziunga moja baada ya nyingine kutoka mguu wa 1 mpaka mguu wa 2. Pale zinapokutana katikati unateremsha rezista ya 2.2k ikifuatiwa na volyumu (rezista ya kuzungusha) ya 10k mpaka hasi. Kisha rezista ya 1M inaruka juu ya zote mbili kama daraja, toka mguu wa 1 hadi wa 2. Mguu wa 3 unataka nusu ya betri, kwa hiyo rezista mbili za 10k toka chanya hadi hasi, katikati yake unachukua 4.5V na unaweka kapasita ya 100uF hapo ili itulie. Sauti inatoka mguu wa 1, ipitishe kapasita ya 10uF kabla haijaenda kwenye sabufa, usipofanya hivyo unapeleka umeme wa moja kwa moja kwenye amplifaya ya watu.

Kitufe kinatoka chanya, kinapita kapasita ya 10nF na rezista ya 100k, kinaingia pale katikati ya zile kapasita mbili. Na hapa kuna kamtego: ule upande wa kitufe weka rezista ya 1M kwenda hasi. Ukiisahau, kapasita haina pa kumwagia umeme wake, kitufe kitafanya kazi mara ya kwanza, utafurahi, utaita watu, na mara ya pili kitakaa kimya mbele za watu. Najua ninachosema.

Hiyo volyumu ukiizungusha kiki inatoka kama 31Hz kule chini, ambayo sabufa ndogo hata haiwezi kuitoa, mpaka kama 72Hz kule juu. Kizuri ni kwamba kuizungusha hakubadilishi urefu wa mkia, yaani muda sauti inaochukua kufa, urefu wa mkia unashikwa na ile 1M na zile kapasita. Ukitaka mkia mrefu zaidi weka 2.2M badala ya 1M, mkia unakuwa mara mbili na kidogo lakini noti inashuka, kwa hiyo ile 2.2k unaipunguza iwe 1k ili irudi ilipokuwa.

Sasa lile kosa. Kapasita ndogo hazina nafasi ya kuandikwa 47nF, zinaandikwa 473, maana yake 47 halafu sifuri tatu, hesabu ni ya pikofaradi. Mi nilienda Kariakoo nikaomba 473, jamaa akachota kwenye kikopo akanipa, nikalipa nikaondoka, sikuangalia. Zilikuwa 474. Sifuri moja zaidi, kapasita kubwa mara kumi, kwa hiyo kiki yangu iliyotakiwa kuwa 72Hz ikawa kama 7Hz, na sikio la mtu linaanzia kama 20Hz. Sakiti ilikuwa nzima kabisa! Ilikuwa inapiga ngoma chini kuliko sikio linapofika, mi naona koni tu inacheza. Siku hizi napiga picha kila kapasita kwa simu, navuta picha, nasoma namba kabla sijatoka dukani, na muuzaji akininunia namwambia samahani kaka macho yangu mabovu.

Kitu kingine kilichonila wiki nzima ni mngurumo. Kiki ilikuwa inatoka lakini nyuma yake kuna mmmmm isiyokata, nikahisi nimekosea hasi mahali. Af siku moja umeme ukakatika, nikachomeka betri na hedifoni kwenye kaamplifaya ka LM386 ili nisilale bure, nikabonyeza, na ile kiki ikatoka safiii, kavu, nyuma kimya kabisa. Yaani ilikuwa adapta. Umeme wetu ni wa 50Hz na kiki iko humo humo kwenye 50, kwa hiyo adapta ya bei ya kutupa inakuletea mngurumo kwenye eneo lile lile la ngoma yako na huwezi kuichuja bila kuchuja na ngoma. Tumia betri wakati wa majaribio. Ukishaelewana na sakiti ndo utafute adapta ya maana, na kopo la bati, maana plastiki haizuii kitu. Kopo langu ni la maziwa ya unga, nimeliunga kwenye hasi, na nimetoboa kwa msumari na nyundo, usinicheke.

Ukitaka kiki iwe na lile teke la mwanzo, inaanzia juu af inashuka, weka transista moja sambamba na ile volyumu ya 10k, kitufe kikibonyezwa transista inapitisha umeme kwa kitambo kifupi sana na kuiruka volyumu, sauti inaanza juu, transista ikiachia inashuka ilipokuwa. C945 au BC547 yoyote inafaa. Hapa ndo kiki ilipoacha kusema tok ikaanza kusema dum, na hapa ndo wife alipokuja mlangoni kuangalia.

Tuje kwenye sneya, maana hii ina raha yake. Sneya ni kiki ya juu zaidi ukichanganya na shhh. Ile shhh unaipata kwa kuitesa transista: ina miguu mitatu, emita, besi na kolekta, unaiunga kinyume, emita kwenye chanya kupitia rezista ya 100k au hata 1M, besi kwenye hasi, kolekta unaiacha hewani haijaungwa popote. Makutano yanavuja umeme ovyo ovyo na ule uvujaji ndo kelele yenyewe, unaikuza na opampu, yaani aisii ya kukuza kama ile TL072. Shida ni kwamba nyingi zinaanza kuvuja kwenye 7 mpaka 9V hivi, kwa hiyo betri mpya ya 9V utasikia shhh tamu, kesho yake betri imechoka kidogo sneya imekufa na kiki inaendelea vizuri, utachanganyikiwa. Sneya yangu naipa 12V.

Na transista hazilingani. Nilizipanga kumi kwenye bredibodi (ubao wa kuchomeka vifaa bila kuchomelea), zote C945, nikazijaribu moja moja nimevaa hedifoni. Zingine kimya. Zingine zinapasuka pasuka kama mafuta yenye maji kwenye kikaango. Tatu tu ndo zilitoa shhh nzuri, na moja kati ya hizo tatu niliing'oa kwenye redio iliyokufa zamani. Usiseme ni mbovu. Roland wenyewe walipotengeneza 808 mwaka 1980 walinunua makusudi transista zilizokataliwa kiwandani, kwa sababu zilikuwa na mlio wa kuchemka waliouhitaji, na viwanda vilipoanza kutengeneza transista nzuri, mbovu zikaadimika. Wakaacha kuitengeneza mwaka 1983, zimetoka kama 12,000 tu.

Hapo kwenye kung'oa vitu ngoja niseme kwa ukali kidogo. Redio ya betri ng'oa utakavyo. TV ya chogo usiiguse kama hujui. Ile kioo inashika maelfu ya volti hata ikiwa imechomolewa, na kapasita kubwa ya upande wa umeme inaweza kukaa na volti 300 hivi. Fundi niliyekuwa nakaa naye aliniona nimeshika bisibisi natembea kuelekea kwenye moja, akaniambia, dogo, hiyo iache, hiyo ina hasira. Nikamwambia mzee mbona imezimwa. Akachukua waya akagusisha sehemu mbili, ikapiga cheche na mlio kama fataki, kisha akarudi kwenye kazi yake bila kuongea. Hadi leo TV za chogo nazipita mbali.

Hatsi sitakaa nayo sana. Chukua aisii ya 40106, ina vigeuzi (inverta) sita ndani, kila kimoja ukikipa rezista moja na kapasita moja kinakuwa oskileta, yaani kinapiga mlio chenyewe bila kukoma. Sita zisizopatana, zinazogombana kabisa, changanya kwa rezista za 100k, pitisha kapasita ndogo ya 1nF ibaki ile ya juu tu, unapata tsss ya chuma. Ukichukua mbili tu, moja karibu na 540Hz na nyingine karibu na 800Hz, unapata ile kengele ya ng'ombe ya 808 ambayo ukiisikia utaijua. Usizipange kwa mita. Zipange kwa sikio, na zile zinazokukera zaidi ndo zinafaa. Kigeuzi usichokitumia mguu wake wa kuingilia uunge kwenye hasi, la sivyo unaokota kelele za nyumba nzima.

Watu wananiuliza kwanini nisitumie programu kwenye simu, sampo za 808, yaani sauti zake zilizorekodiwa, ziko bure. Kweli ziko, na kwenye shughuli natumia hizo. Lakini wazee wa mchiriku walichukua vikinanda vidogo vya Casio, vya kuchezea watoto, wakavipitisha kwenye spika za honi mpaka zikalia, na mlio ule haukuwemo kwenye kikinanda kabla hawajakishika. Hicho ndo nakitafuta. Kopo langu lina sneya ambayo hakuna mwingine anayo kwa sababu hakuna mwingine ana ile transista ya ile redio.

Kilichobaki ni kuifanya ijipige yenyewe, maana kwa kidole huwezi kupiga singeli, spidi ya mapigo 200 kwa dakika na zaidi vidole vinakufa ganzi. Nimeweka aisii ya 4017, inahesabu mpaka kumi, ukirudisha mguu wa hatua ya tisa kwenye mguu wa riseti inahesabu nane na kuanza upya, kila hatua ina swichi ya kiki na swichi ya sneya. Kuiendesha nimechukua kigeuzi kimoja cha 40106 nyingine, na volyumu ya 1M. Kwa singeli ya 220, ukihesabu hatua mbili kwa kila pigo, unahitaji mapigo kama 7 kwa sekunde, na nilipokaa kutafuta kapasita ya kutoa 7Hz na volyumu hiyo, hesabu ikaniambia 470nF. Zile 474 zilikuwa bado kwenye kikaratasi chao juu ya kabati.