Jibu: Sanduku la marehemu babu yako

Waalaikum salaam ndugu yangu. Umeuliza kama hifadhi za watafiti hupokea vitabu tu, maana sanduku la marehemu babu yako hapo mtaa wa Mkomani limejaa barua, daftari za jahazi na kaseti za harusi. La, hupokea mengi.

Mtazame Muhammad Kijumwa, mshairi na mnakili wetu wa Lamu. Kule SOAS, chuo kikuu kilichoko London, kwenye makaratasi ya William Hichens, Mwingereza mtafiti wa tendi za Kiswahili, hamna tendi alizozinakili kwa hati za Kiarabu peke yake, mna na barua alizomwandikia Hichens. Mtafiti huzing'ang'ania barua hizo, kwani ndizo zinazoonyesha kazi ilivyofanyika. Nairobi nako, jengo la Nyaraka za Taifa lina mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya, hadi stempu zimo.

Kwa hiyo hizo daftari zenye hesabu za boriti na nauli, mimi ningezitanguliza mbele ya vitabu vya chapa, ambavyo nakala zake hupatikana kwingine. Usizipange upya, jinsi babu alivyozipanga nako ni habari. Selotepu usiitumie kabisa, gundi yake hula karatasi. Picha ziandike majina nyuma kwa penseli laini, maadamu wapo wazee wa kuzitambua. Kaseti zinakiliwe mapema, unyevu wa kwetu waujua.

Anza kuuliza Makumbusho ya Lamu. Na kabla hujakabidhi chochote, taka karatasi iliyotiwa sahihi inayosema ni zawadi au ni amana.