Bega la fundi wa dari: kisu, sindano au mazoezi?

Kazi ya dari haitaki nguvu sana, inataka mkono ukae juu. Ubao wa jipsamu unaushikilia kwa kichwa na mkono mmoja, mkono wa pili una drili ya skrubu. Ukitoka hapo kuna kupiga skimu, kisha msasa, kisha rangi ya kwanza na ya pili, yote hayo umekodoa macho juu na mkono uko usawa wa sikio. Karibu kila fundi wa dari ninayemjua akishavuka miaka arobaini ana bega lake analolilalamikia. Mimi langu ni la kulia.

Maumivu haya hayaji kwa kishindo. Unaanza kuyasikia ukivua fulana, au ukinyoosha mkono kushika bomba la daladala, na usiku ukijigeuza ukalilalia lile bega unashtuka usingizini. Ukipandisha mkono taratibu kwa pembeni, huku chini hakuna neno. Ukifika kwenye nyuzi 60 hivi panachoma, na ukishapita 120 panapoa tena kama vile hapakuwa na kitu. Wasusi wanaijua hali hii, na walimu wa ubaoni, na waogeleaji, na kina mama wanaoanika nguo kwenye kamba ya juu. Nawaandikia hao pamoja na mafundi wenzangu, kwa sababu habari zinazozunguka mitaani kuhusu bega hili ni za zamani, na baadhi zinaweza kukugharimu pesa nyingi bure.

Kwanza tuelewane bega lilivyo. Kombe la bega lina sehemu inayotokeza kwa juu, ukipapasa juu ya bega unaugusa ule mfupa, umekaa kama paa dogo. Chini yake kuna kichwa cha mfupa wa mkono. Nafasi iliyopo kati yao ni kama sentimita moja tu, na humo ndani zimepita kano za misuli inayokishika kichwa cha mfupa kisichezecheze, pamoja na kifuko chembamba chenye majimaji ya kulainisha.

Mwaka 1972 daktari wa upasuaji wa mifupa wa New York, Charles Neer, alichapisha makala akisema kwamba mkono unapopanda, kano husuguliwa na ukingo wa mbele wa ule mfupa wa juu. Tiba aliyopendekeza ni kuuchonga mfupa wenyewe kwa chini ili nafasi iongezeke. Mwaka 1983 akaenda mbali zaidi, akasema asilimia 95 ya kano za bega zinazochanika chanzo chake ni msuguano huo. Miaka mitatu baadaye Louis Bigliani na wenzake wakaugawa mfupa huo kwa umbo: ulionyooka, uliopinda, na wenye ncha ya ndoano. Kuanzia hapo mtu akipigwa eksirei ikaonekana ndoano, basi mchawi kashapatikana.

Mimi kama fundi naikubali haraka hoja hiyo. Mlango ukigusa sakafu, unapiga randa. Lakini ndiyo hatari yake: inaeleweka kirahisi mno. Nchini Uingereza peke yake, upasuaji wa kuchonga mfupa wa bega katika hospitali za England ulipanda kutoka wagonjwa 2,523 mwaka 2000 hadi 21,355 mwaka 2010. Wengi walikuwa wanapata nafuu, na madaktari wakaridhika. Swali ambalo halikuwa limejibiwa ni kama nafuu hiyo inaletwa na kule kuchonga, au na muda, mapumziko ya baada ya kisu, mazoezi yanayofuata, na imani ya mgonjwa kwamba ameshatengenezwa.

Jibu lilikuja mwishoni mwa 2017, na ndiyo sehemu iliyonifanya nikae chini nisome mpaka usiku wa manane. Watafiti wakiongozwa na David Beard wa Oxford waliwachukua wagonjwa 313 kutoka hospitali 32 za Uingereza, watu ambao bega lilikuwa limewasumbua kwa miezi isiyopungua mitatu, na mazoezi na sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) walishajaribu. Wakawagawa kwa kura. Kundi la kwanza walichongwa mfupa kupitia matundu madogo, kwa kamera. La pili waliingizwa chumba cha upasuaji, wakatobolewa, kamera ikaingia ikatazama, ikatoka, na hakuna kilichochongwa. Mgonjwa akizinduka ana plasta zilezile na hajui yuko kundi gani. La tatu hawakufanyiwa kitu, waliambiwa tu warudi kuangaliwa.

Baada ya miezi sita walipimwa kwa alama za bega zinazoishia 48, juu ndiyo kuzuri. Waliochongwa walipata wastani wa 32.7. Waliotazamwa tu kwa kamera walipata 34.2. Ambao hawakufanyiwa kitu walipata 29.4. Yaani waliozugwa walikuwa sawa na waliochongwa, tena wamewazidi kidogo, na hata lile kundi lililoachwa lilikuwa nyuma kwa tofauti ndogo ambayo watafiti wenyewe waliona haina uzito katika maisha ya mgonjwa.

Mwaka uliofuata Wafini wakatoa utafiti wao wa watu 210, wenye umri wa miaka 35 hadi 65, nao wakiwa na kundi la kuzugwa. Waliwafuatilia miaka miwili. Maumivu yalipungua sana kwa waliochongwa, na yalipungua vilevile kwa ambao hawakuchongwa. Mwaka 2019 jopo la wataalamu na wagonjwa likaandika katika jarida la kitabibu la BMJ kwamba upasuaji huu usifanywe kwa maumivu ya aina hii, na pendekezo lao halikuwa la kusitasita.

Kwa hiyo ukikaa mbele ya daktari akakuambia mfupa wako una ndoano inayokata kano, na kwamba dawa ni kuuchonga, una haki ya kumuuliza kwa adabu: "Daktari, tukisubiri na mazoezi kwa miezi mitatu, nitapoteza nini?" Mimi nililiuliza swali hilo katika hospitali moja binafsi, baada ya kutajiwa kipimo cha picha cha MRI kwanza kisha upasuaji, na jibu nililopata lilikuwa ni kutazamwa saa. Nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi na viungo, wa hospitali ya serikali. Huyu alinishika bega, akanizungusha mkono huku na huku, akanikamata kiwiko akaniambia "sukuma nje, nizuie", na ndani ya muda mfupi alikuwa ameshajua anachokitafuta.

Kuhusu MRI na altrasaundi, usiende ukiwa na hofu. Kuna utafiti wa 2011 uliowapima kwa altrasaundi wanaume 51 wa miaka 40 hadi 70 ambao bega halikuwa likiwauma hata kidogo. Asilimia 96 walikutwa na kasoro: kano imenenepa, imechanika kidogo, kifuko kimevimba, maungio yamechakaa. Wote hao walikuwa wanadunda tu. Picha ina maana ikilingana na unachokisikia na alichokiona aliyekushika. Peke yake inaweza kukutia ugonjwa wa wasiwasi juu ya ule ulionao.

Basi kama mfupa si mwenye kesi, nani? Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba kano inalemewa. Kano huzoea mzigo wa kiasi fulani, na kila siku hujikarabati. Ukiizidishia ghafla, inashindwa kujikarabati kwa kasi ya kazi. Hapa fundi ajiangalie mwenyewe: bega huanza kuuma lini? Aghalabu ni baada ya ile wiki mlipopewa jengo zima la kumaliza kabla ya mwenye nyumba hajarudi, na kabla yake mlikaa mwezi hamna kazi. Umri unachangia. Sigara na kisukari navyo vinahusishwa na kano kudhoofika.

Na ikiwa kano imelemewa, kulifunga bega kwa kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni ukae mwezi siyo njia. Inazidi kudhoofu, ukirudi kazini inalemewa upesi zaidi. Inatakiwa kupunguziwa mzigo, siyo kuachishwa kazi, halafu iongezewe kidogo kidogo.

Wasweden walijaribu hili na kuchapisha mwaka 2012. Waliwachukua watu waliokuwa kwenye foleni ya upasuaji wa bega, nusu wakapewa mazoezi maalumu ya kuimarisha kano na misuli ya kombe la bega kwa wiki 12, nusu mazoezi ya kawaida ya shingo na bega yasiyo na mzigo. Baada ya hapo wakaulizwa: bado mnataka kisu? Kwa wale wa mazoezi ya mzigo walisema ndiyo asilimia 20 tu. Kwa wengine asilimia 63. Walikuwa wanafanya mara mbili kwa siku, mizunguko mitatu ya mara 15, na walikuwa wanaruhusiwa kusikia maumivu wakati wa zoezi, hata kufika tano katika kumi, mradi yawe yametulia kabla ya zoezi linalofuata. Kipengele hicho cha maumivu ndicho kilichonibadilisha. Wengi wetu zoezi likiuma tunaacha, tunadhani tunachana kitu.

Mazoezi yangu mimi ni haya. Nimefunga kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kwenye nondo ya dirisha. Kiwiko nakibana ubavuni, katikati naweka taulo iliyokunjwa, mkono umekunjwa kama naomba msaada, navuta mpira kwenda nje, halafu narudi polepole sana, maana kule kurudi ndiko kunakofanya kazi. La pili ni kuuvuta mpira kifuani kama mtu anayepiga kasia, mabega yakirudi nyuma. La tatu ni kuinua mkono kwa mbele-pembeni, kidole gumba juu, mwanzo mkono mtupu, baadaye chupa ya maji ya nusu lita, baadaye ya lita moja na nusu. La nne ni kujisukuma ukutani. Hakuna cha kununua hapo, na mke wangu ameshazoea kuona mpira dirishani.

Asiye na uwezo wa kwenda fizio kila wiki asikate tamaa. Mwaka 2021 ulitoka utafiti mkubwa wa Uingereza wenye watu 708. Baadhi walipewa mazoezi ya kusimamiwa hadi vipindi sita, wengine kipindi kimoja tu cha maelekezo mazuri na karatasi ya kufanya wenyewe nyumbani. Baada ya mwaka mmoja hawakupishana. Nenda mara moja kwa anayejua, aelekeze, akuone unavyofanya, kisha kazi ibaki kwako.

Utafiti huohuo ulijaribu sindano ya steroidi. Ilisaidia kidogo kwenye wiki nane za kwanza, baadaye tofauti ikayeyuka. Mimi naiona sindano kama ya mtu aliyekosa usingizi kabisa, ashike pumzi aweze kuanza mazoezi; kurudia rudia kila bega likiuma sikushauri. Mwenye kisukari aiseme mapema, kwa sababu sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa. Na zile dawa za maumivu za diclofenac tunazonunua dukani kama pipi, ukiwa na vidonda vya tumbo, presha au figo, usizimeze bila kuuliza. Kuchuliwa kunatuliza, sikatai, ila mchuaji akianza kukuvuta mkono mpaka ulie, inuka uondoke.

Kazini nimebadilisha vitu. Rola naitia mpini mrefu, ngazi au jukwaa nalipandisha mpaka kiwiko kibaki chini ya usawa wa bega, na kazi za juu na za chini tunapokezana na vijana badala ya mtu mmoja kushinda darini kutwa. Usiku nalalia upande mzima na nakumbatia mto ili mkono mbovu usidondoke mbele.

Hayo yote ni ya bega la kulemewa. Ukianguka kutoka kwenye ngazi na baada ya hapo mkono haunyanyuki kabisa, nenda hospitali siku hiyohiyo, kano inaweza kuwa imekatika na hapo upasuaji una nafasi yake. Bega likiwa gumu hata mtu mwingine akikuzungusha haliendi, hilo ni bega lililoganda, ni tatizo jingine, na wenye kisukari huwapata zaidi. Ganzi inayoshuka mpaka vidoleni, ichunguzwe shingo. Homa na bega jekundu la moto, uvimbe unaokua, au kukonda bila sababu, usisubiri mpira wa baiskeli. Na maumivu ya bega, hasa la kushoto, yanayokuja na kifua kubana, jasho na pumzi kuwa fupi, hayo ni ya moyo mpaka daktari aseme vinginevyo.

Wanaoniuliza inachukua muda gani: hesabu miezi, siyo wiki. Wiki za mwanzo mimi sikuona tofauti, nilichogundua kwanza ni kwamba nimelala mpaka asubuhi. Nguvu ya kushika ubao wa jipsamu ilikuja nyuma sana ya hapo, na hadi leo msimu wa kazi nyingi ukikaribia nauongeza mzigo wa mpira wiki kadhaa kabla, ili jengo lisinikute bega limelala.