Mguu wa baba na karatasi ya labo

Nimefanya kazi ya labo hapa Bukavu zaidi ya miaka kumi, na "FL: N 65, L 32" nimeiandika mara nyingi kuliko jina langu. FL ni formule leucocytaire, hesabu ya aina za globuli nyeupe, zile chembe za damu zinazoukinga mwili. Nakaa kwenye darubini, nahesabu globuli nyeupe mia moja, natenga aina zake, hasa neutrofili (N) na limfosaiti (L), najaza karatasi, naita anayefuata. Nilijua karatasi hiyo huwatisha wagonjwa. Sikujua kwamba ingenitisha mimi.

Baba alianza kwa kuulalamikia mlima. "Mwanangu, Kadutu imerefuka," aliniambia jioni moja. Kila akipanda mtaa huo wa mlimani kwenda sokoni, shavu la mguu wa kulia lilimkaza kana kwamba limefungwa kamba. Akisimama dakika mbili tatu maumivu yanakwisha, akiendelea yanarudi, karibu kwa umbali uleule. Nyumbani tukasema ni uzee, dada yangu akanunua mafuta ya kuchua. Baba amevuta sigara tangu ujana, na presha anayo miaka mingi. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka, mimi ninayevaa koti jeupe la labo kila siku. Maumivu yanayoletwa na mwendo na kuondolewa na kusimama mara nyingi ni msuli unaodai damu, kwa kuwa ateri ya mguu imesinyaa kwa mafuta yaliyoganda ukutani mwake. Milima yetu inachosha, lakini ugonjwa huo inaufichua mapema; katika mji wa tambarare pengine baba angekaa miaka mingine miwili bila kusema neno.

Basi nikafanya kosa la mtu wa labo: badala ya kumgusa mguu, nikamtoa damu. Nilikuwa nimesoma kwamba kwa wagonjwa wa mishipa ya miguu, neutrofili zikigawanywa kwa limfosaiti na jibu likawa kubwa, hatari ya kukatwa mguu au kufa huwa kubwa zaidi. Matokeo yakatoka: GB (globuli nyeupe zote) 11.400, N 82, L 14. Nikagawanya: karibu 5,9. Usiku huo sikulala. Asubuhi nikamkuta baba ameshika shavu, la uso safari hii. Jino lilikuwa na usaha, na alikuwa amelificha siku nne kwa kuogopa koleo.

Jino likang'olewa, akamaliza dawa, nikasubiri wiki tatu, nikapima tena: GB 6.800, N 60, L 36. Jibu 1,7. Nikafurahi, na hilo likawa kosa la pili.

Maana daktari tuliyemwendea hata hakuanza na karatasi yangu. Aliweka vidole kwenye mgongo wa mguu, kisha nyuma ya kifundo cha ndani, akitafuta mapigo. Kushoto aliyapata, kulia hakuyapata. Akachukua mashine ya presha na kile kifaa cha Doppler wanachosikilizia mapigo ya mtoto tumboni, akapima mkono: 150. Kifundo cha kulia: 95. Ukigawanya 95 kwa 150 unapata 0,63. Mguu wenye afya hutoa 1,00 hadi 1,40. Kuanzia 0,90 kushuka, ateri imesinyaa. (Ikizidi 1,40 pia si habari njema: ateri imekuwa ngumu haibanwi, na huonekana sana kwa wenye kisukari.) Globuli nyeupe zilikuwa zimetulia, na mguu ulikuwa mgonjwa vilevile.

Kwa hiyo nakushauri hivi, ndugu msomaji. FL haikuambii kama mishipa ya mguu imeziba. Kwa aliyekwisha kujulikana na ugonjwa huo, hasa mwenye kidonda kisichopona au mguu unaouma hata amelala, uwiano huo wa N kwa L unaobaki juu kipimo baada ya kipimo unaweza kuwa ishara kwamba uvimbe wa ndani ya mishipa unaendelea, na mtu huyo afuatwe kwa karibu. Ila ukipima siku ya homa, ya jino, ya kidonda kibichi, unapima hilo jambo lingine. Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, nayo huzipandisha neutrofili na kuzishusha limfosaiti, na hapa mjini wapo wanaoimeza kimyakimya ili wanenepe. Waambie watu wa labo ulichomeza. Hatuli mtu.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi zilizoandikwa Ulaya hazikuambii. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana neutrofili chache tangu kuzaliwa, na wazima kabisa. Jambo hilo linafungamana na kukosa alama iitwayo Duffy kwenye globuli nyekundu, ukosefu uleule unaotukinga na malaria ya aina ya vivax. Kwa hiyo mipaka waliyowekewa watu wengine usijivalishe kama shati la mitumba. Tunza karatasi zako za zamani, ujilinganishe na wewe mwenyewe.

Dawa ya baba? Aspirini, statini ya kushusha kolesteroli, vidonge vya presha, na kuacha sigara, ambako kulituletea ugomvi wa miezi mitatu. Sigara peke yake huzipandisha globuli nyeupe, kwa hiyo hapo karatasi ilinifaa: nilimwonyesha namba zikishuka, akakubali namba alipokataa maneno yangu. Kila jioni anakagua nyayo zake na havai tena viatu vinavyombana.

Na kutembea. Daktari alisema atembee mpaka paume, asimame mpaka patulie, aendelee, nusu saa au zaidi, mara tatu kwa wiki. Mama aliona ni ukatili. Miezi minne sasa, baba anapanda hadi sokoni akisimama mara moja tu, na hiyo mara moja anadai anasimama kuwasalimu watu.