Mteja Wangu Hasikii: Maswali na Majibu kwa Mafundi wa Kucha

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa mafundi wa kucha, na malalamiko ni yaleyale: nilimwambia, hakufanya. Nimezijibu kwa mfuatano zilivyofika, isipokuwa ya mteja mmoja, ambayo nimeiweka mwisho ili mafundi wote waisome wakiwa wameshachoka kujitetea.

Kila mteja namweleza: vaa glovu, paka mafuta, usifungulie soda kwa kucha. Anaitikia "sawa dada". Siku kumi zikipita anarudi kucha zimeachia, na mbele za watu anasema kazi yangu mbovu. — Fundi, Sinza

Dada, kwanza hakikisha kweli si kazi yako. Angalia zimeachia wapi na lini. Zikiachia ndani ya siku mbili tatu, kwenye shina, karibu vidole vyote, tatizo limeanzia mezani kwako. Kuna ule utando mwembamba unaong'ang'ania juu ya ukucha hukuutoa, au mafuta na unyevu havikufutwa vizuri, au jeli, ile inayogandishwa chini ya taa, ilipanda juu ya ngozi ikagandia huko. Zikiachia baada ya wiki, kwenye ncha, vidole vichache vya mkono anaoutumia zaidi, hizo ni kazi za nyumbani. Jizoeze kusoma mkono kabla ya kufungua mdomo. Mteja ukimlaumu kwa kosa lako hatasikia tena hata ushauri wako mzuri.

Sasa tuseme kweli ni yeye. Mimi nakuuliza: unamwambia saa ngapi? Najua jibu. Unamwambia akiwa ameshasimama, mkoba begani, anatafuta namba ya siri ya kulipia kwa simu na bodaboda anapiga honi nje. Hapo hata ukimwambia saluni inaungua ataitikia "sawa dada". Wakati wenye faida ni ule mikono yake iko mikononi mwako, hawezi kushika simu, na anatazama vidole vyake kuliko kitu kingine chochote duniani.

Na usianze na amri, anza na swali: "Kesho una kazi gani?" Mama lishe atakwambia masufuria. Mwanafunzi wa hosteli atakwambia anafua Jumamosi. Karani atakwambia anachapa siku nzima. Kila mmoja mpe jambo moja, au mawili yakizidi, linaloihusu kesho yake. Karani achape kwa nyama ya vidole, asigonge vitufe kwa ncha. Mwanafunzi asichokonoe uchafu kwa ukucha mrefu. Ukimpa kila mtu orodha ileile ya mambo tisa, atasahau yote tisa.

Akikwambia yeye ni nesi, mwambie ukweli hata kama utakosa hela ya siku hiyo. Mwongozo wa usafi wa mikono wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unasema wanaogusa wagonjwa wasivae kucha za bandia, kwa sababu vijidudu hujificha chini yake hata mikono ikinawishwa. Mpunguzie kucha zake, zisugue zing'ae, abaki msafi. Atakuletea dada zake.

Mwisho, mfanyishe. Mdondoshee tone la mafuta kwenye kila shina la ukucha, kisha mwache ajipake mwenyewe huku wewe unapanga vifaa. Na mwambie faida kwa lugha ya mfuko: zikitunzwa zitakaa wiki mbili hadi tatu, zisipotunzwa utalipa tena mapema. Nimeona vitisho vya magonjwa vikiwachekesha wateja. Bei haimchekeshi mtu.

Wateja wangu wengi wanaosha vyombo na kufua kwa mikono. Glovu wanaziona mbwembwe. Kuna njia nyingine? — Tanga

Elewa kwanza unachomkinga nacho, maana ukielewa wewe utaeleza vizuri. Ukucha hunywa maji. Ukilowa unatanuka kidogo na kulainika, ukikauka unarudi. Akriliki, yaani ukucha wa bandia wa poda, au jeli iliyo juu yake haitanuki kwa kiasi hicho. Kwa hiyo beseni la vyombo asubuhi, beseni la nguo mchana, vyombo tena usiku, ukucha unavuta huku na kifuniko chake kinakataa, mpaka pembeni panafunguka uwazi mdogo. Hapo maji na sabuni vimepata mlango.

Usipigane vita vyote. Kwa joto la Tanga mtu hatavaa glovu za mpira saa mbili akifua, na mimi simlaumu. Mwombe avae kwa mambo mawili tu: akishika Jik na akisugua masufuria kwa steeluwaya. Hayo ni ya dakika chache. Kufua na afue, ila akimaliza afute mikono mpaka chini ya kucha na apake mafuta. Kusonga ugali hakuna shida, mwiko haujawahi kubandua ukucha wa mtu.

Mafuta gani? Hapo Tanga unaniuliza mimi? Ya nazi yanatosha. Asiende kununua kichupa chenye maua ndani kwa bei ya kilo mbili za mchele. Apake usiku, kwenye ngozi inayozunguka ukucha, asugue mpaka yaingie. Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi husahau kumwambia: siku ya kuja saluni asipake. Mafuta yakiwa juu ya ukucha rangi haishiki, nawe utatumia muda kuyafuta.

Mteja wangu hubandua jeli mwenyewe kwa meno akiwa kwenye daladala, halafu anakuja na kucha nyembamba kama karatasi anataka zingine. Nimwambie nini? — Mbagala

Mwambie hesabu. Ukucha wa mkononi huota takriban milimita 3 kwa mwezi. Anapong'oa jeli kwa nguvu anaondoka na matabaka ya ukucha wake, na palipokwanguliwa hapajirudishi. Panasubiri kusukumwa nje na ukucha mpya. Kutoka shina hadi ncha ni kama miezi sita. Wa mguuni ndio kabisa, mwaka hadi mwaka na nusu. Chukua kidole chake, muoneshe kwa kucha yako: "Hapa palipo peupe patatoka kama mwezi wa nne kutoka sasa." Akiona mahali penyewe anaelewa.

Ila nikuulize na wewe: kutoa unatoza shilingi ngapi? Wengi wenu mnatoza bei inayomfanya mtu aone meno yake ni ya bure. Ushauri wangu ni kuweka gharama ya kutoa ndani ya bei ya kubandika tangu mwanzo, na kumtangazia: "Ukirudi kutoa hapa, umeshalipa." Atarudi. Na akirudi kutoa, mara nyingi atabandika tena. Hii nadhani ndiyo dawa kubwa kuliko mawaidha yote.

Kama lazima atoe nyumbani, mfundishe njia: apunguze mng'ao wa juu kwa tupa, aweke pamba yenye asetoni, afunge kwa karatasi ya foili dakika 10 hadi 15, kisha asukume taratibu kwa kijiti cha mti. Kisichotoka kirudishwe kwenye pamba, kisichokonolewe kwa kisu. Na haya asifanye jikoni. Asetoni hushika moto upesi mno na mvuke wake hutambaa, kwa hiyo jiko la mkaa, la gesi, hata mshumaa wa umeme ukikatika, vyote viwe mbali. Afungue madirisha.

Nikichapisha karatasi za maelekezo niwape? — Mwanza

Zitafungia karanga. Mtumie sauti ya WhatsApp ya nusu dakika siku ya tatu, kwa jina lake: "Mama fulani, kucha zinaendeleaje? Kuna iliyoachia?" Siku ya tatu ndipo matatizo ya mwanzo hujitokeza, na ndipo bado yanatengenezeka.

Sambamba na hilo weka sheria ya wazi ukutani: ukucha mmoja ukiachia ndani ya siku saba, unatengenezwa bure. Utapoteza poda kidogo, lakini utampata mteja mapema kabla hajajitibu kwa gundi ya dukani. Ile gundi ya kubandikia viatu ndiyo adui yako mkubwa. Hufungia maji ndani.

Mteja amekuja na ukucha wa kijani chini ya akriliki. Anataka nifunike kwa rangi nyeusi, ana harusi Jumamosi. — Mombasa

Usifunike. Kijani hicho kwa kawaida ni bakteria, Pseudomonas, wanaopenda unyevu ulionaswa kati ya ukucha na akriliki iliyoachia. Ukifunika unawajengea nyumba. Toa akriliki yote ya kidole hicho, ukucha ukauke na ubaki wazi. Ile tupa ya kusugulia uliyotumia usiirudishe kwa mtu mwingine, vifaa vya chuma vioshe kwa sabuni kisha uvitakase. Doa lenyewe hukaa mpaka likue litoke, kwa hiyo usimwahidi harusi. Kukiwa na maumivu, usaha, au ukucha unaachana na nyama, aende hospitali, si kwako.

Naongezea jambo linalofanana nalo, maana mafundi huchanganya. Vidole vikiwasha, vikavimba, vikatoa malengelenge madogo kuzunguka kucha, hiyo huenda ni aleji ya kemikali za jeli na akriliki. Hapo hakuna "tupumzike wiki moja halafu tuendelee". Mwili ukishazikataa, kawaida huzikataa maisha yote, na jamaa wa kemikali hizo wamo hata kwenye dawa za kuzibia meno, kwa hiyo amtajie daktari wa meno. Hutokea zaidi jeli mbichi inapogusa ngozi, au isipogandishwa ipasavyo. Ndiyo maana wale wateja wanaonunua taa na jeli mtandaoni wajipake nyumbani mnapaswa kuwaonya bila kuona haya kwamba mnatetea biashara. Umoja wa Ulaya tangu 2021 unataka jeli zenye HEMA, mojawapo ya kemikali hizo za aleji, zitumiwe na mafundi pekee, na tangu Septemba 2025 umepiga marufuku kabisa TPO, iliyokuwa ikisaidia jeli kuganda chini ya taa. Soma chupa zako.

Nina mteja mwenye kisukari, anapenda kusuguliwa miguu. — Dodoma

Usikate ngozi, usikwangue kwa wembe, maji yawe vuguvugu na uyapime wewe kwa kiwiko, kwa sababu huenda mguu wake hauhisi joto. Akiwa na kidonda chochote, hata kidogo, usimguse. Kazi ya nyumbani ni moja: kila usiku atazame nyayo na katikati ya vidole, kama haoni vizuri amwombe mjukuu.

Wateja wangu wanaswali. Wanabandika Ijumaa, Jumatatu wameng'oa kwa ajili ya udhu. Nawashauri vipi? — Unguja

Mambo ya fatwa waulize masheikh, na wengi wao watakwambia maji lazima yafike kwenye ukucha. Lako ni la ufundi: usimuuzie jeli ya wiki tatu mtu mwenye haja ya siku tatu. Mpe rangi ya kawaida inayofutika kwa pamba, au hina, inayotia rangi bila kuacha tabaka. Wapo wanaopanga kucha na siku zao za mwezi, ambazo hawaswali. Ukimzoea mteja unaweza kumuuliza kwa upole, faragha.

Hina iwe hina. Piko nyeusi mara nyingi ina PPD, kemikali ya rangi ya nywele, nayo huunguza ngozi za watu na kuacha makovu.

Mimi ni mteja. Fundi wangu ananigombeza kama mtoto kila nikirudi. Nimeanza kudanganya kwamba nilivaa glovu. — Morogoro

Nilitaka mafundi waione barua hii. Mteja akianza kudanganya, fundi hajui tena kama poda yake ni mbovu au mteja ndiye aliyefua mapazia. Ushauri wote unakuwa wa kubahatisha.

Wewe dada, mara ijayo usikiri makosa, toa maelezo. Mwambie hivi: "Mimi nafua kila Jumamosi na sitaacha. Nifanyie kucha za mtu anayefua." Fundi anayejua kazi atakukatia fupi, atazungusha ncha badala ya kuzichonga kali, na atakushauri uje siku baada ya kufua, si siku kabla. Pengine na bei ikashuka, maana urefu hulipiwa. Akiendelea kukugombeza, Morogoro mafundi ni wengi.