Upasuaji wa rovu na kutapika: majibu kwa wasomaji

Shikamoo daktari. Mwezi ujao nafanyiwa upasuaji wa rovu. Dada yangu alipofanyiwa alitapika usiku kucha. Na mimi yatanikuta?

Marahaba. Si lazima, ingawa upasuaji huu wa uvimbe wa tezi ya shingo unajulikana kwa kichefuchefu. Wataalamu hutazama mambo manne: kuwa mwanamke, kutovuta sigara, kuwahi kutapika safarini au baada ya nusu kaputi, na kuhitaji dawa kali za maumivu za jamii ya mofini baada ya upasuaji. Asiye na hata moja, uwezekano ni kama asilimia 10. Mwenye yote manne, kama 80. Wagonjwa wengi wa rovu ni wanawake wasiovuta sigara, hivyo tayari wana mawili. Kama huwa unatapika ukisafiri kwa basi, mwambie daktari wa usingizi akija kukuona. Usingoje akuulize.

Kwani kutapika kuna ubaya gani? Si hupita tu?

Naomba hili lisipuuzwe. Mtu anapotapika, shinikizo hupanda kwenye mishipa ya shingo, na mshipa uliofungwa wakati wa upasuaji unaweza kuvuja. Damu ikijikusanya pale hubana njia ya hewa. Hutokea kwa nadra, lakini kila dakika ina thamani: shingo ikivimba, ikikaza, au pumzi ikiwa nzito, muuguzi aitwe hapohapo, hata kama ni usiku wa manane. Ndugu anayekaa na mgonjwa alijue hili pia.

Kuna dawa ya kuzuia?

Zipo, na ni bora zitolewe kabla hujaanza kutapika. Mara nyingi ni deksamethasoni usingizi unapoanza, na ondansetroni upasuaji unapokaribia kwisha. Mbili pamoja hukinga kuliko moja. Deksamethasoni hupandisha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari aseme mapema. Kulazwa usingizi kwa propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, badala ya gesi husaidia pia. Parasetamoli na ganzi ya shingoni hupunguza haja ya mofini.

Mama mkwe amenikataza hata maji tangu jioni ya kuamkia upasuaji.

Chakula, pamoja na chai ya maziwa, huachwa angalau masaa 6 kabla. Cha mafuta mengi, 8. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi masaa 2 kabla, ila fuata ulivyoelekezwa wodini.

Nasikia kubonyeza mkono kunatuliza. Kweli?

Ndiyo, kwa kiasi. Pima vidole vitatu kutoka kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, kuelekea kwenye kiwiko, upande wa ndani, bonyeza katikati ya kano mbili. Fanya hivyo pamoja na dawa, si badala yake.